Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Jumamosi hiyo, siku ya sita ya kazi, nilifika kwao Kitinda nikiwa na rota mbili mfukoni. Moja ilikuwa mpya, bado imo ndani ya kiboksi chake. Nyingine ilikuwa kuukuu, nimeifunga kwenye leso.

Rota ni kitu kidogo, hakizidi dole gumba. Ni kipande cha plastiki chenye ulimi wa shaba, kinachozunguka ndani ya distributa na kuipa kila plagi cheche yake kwa zamu. Bila hicho, hata injini iwe nzima namna gani, stata italia mpaka betri iishe na gari halitawaka. Ile kuukuu nilikuwa nayo kwa miaka saba. Nimehama vyumba vitatu, nikapoteza sahani, viatu, hata cheti changu cha ufundi, lakini hiyo haikupotea hata siku moja.

Ilitoka kwenye gari la Rubani, kaka yake Kitinda. Na hakuna aliyejua kwamba ninayo mimi.

Nilisukuma mlango wa bati wa banda lililo nyuma ya nyumba yao. Kitinda alikuwa tayari ndani, amevaa ovaroli la kaka yake, mikono ameikunja mara tatu. Aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho kuzaliwa kwa mama yake. Baada ya Rubani kufariki akawa ndiye pekee, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbadilishia jina.

"Umechelewa dakika sita," alisema bila kugeuka.

"Niandikie adhabu, mwalimu."

"Adhabu yako ni kuongea. Leo sema maneno ishirini kabla ya saa sita."

Gerejini wananiita Kimya. Nilicheka, naye akageuka kuniangalia, na kwa kitambo kidogo nikasahau kilichokuwa mfukoni mwangu. Alikuwa na doa la grisi chini ya jicho. Sikumwambia. Nilitaka libaki pale.

Gari lilikuwa kati yetu. Jekundu, la milango miwili, limelala chini kama mnyama aliyejikunyata. Ni gari la mbio la zamani, ambalo taa zake hukaa zimefichwa ndani ya boneti, na ukiziwasha huinuka kama mtu anayefumbua macho. Jumatatu, siku ya kwanza, nilipofunga betri mpya, taa ya kushoto iliinuka yenyewe kabla sijagusa swichi. Ya kulia ilikwama. Dirishani kwa mama yake pazia lilianguka ghafla, na tangu siku hiyo halikufunguliwa tena.

Kwa siku tano tulikuwa tumefanya mengi. Tulimwaga petroli iliyooza, inanuka kama rangi ya zamani. Tulitoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa. Nilitia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, nikaizungusha injini kwa mkono, nusu mzunguko leo na nusu kesho, mpaka ikalegea. Jumatano nilimaliza breki. Kitinda alikanyaga pedali nami nikalala chini nikitoa upepo kwenye mabomba. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Ili kuifikia pedali ilimbidi akae ncha kabisa ya kiti. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya Rubani, na hakuna aliyekivuta mbele. Kioo cha kuangalia nyuma nacho kilikuwa kimeelekezwa kwa macho ya mtu mrefu. Jaketi lake lilikuwa kwenye kiti cha abiria, limekaa kama mtu anayesubiri kupelekwa mahali.

Tulikuwa tukifanya kazi kana kwamba mwenye gari ametoka kidogo tu.

"Saa kumi Mama anatoka," Kitinda alisema. "Na Mjomba pia."

"Najua."

Nilijua vizuri. Wiki mbili nyuma baba yangu mdogo alikuja hapa kuniposea Kitinda. Mama yake Kitinda alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole, kama mtu anayeagiza kitu dukani: "Gari la mwanangu lilitoka mikononi mwa huyo kijana, na siku lilipohitajika halikuwaka. Fundi wa kubahatisha. Mtu aliyeshindwa na gari ataiwezaje nyumba? Liwake kwanza. Jumamosi ya pili kutoka leo, saa kumi, mbele ya macho yangu. Lisipowaka, Jumatatu mnunuzi wa chuma chakavu analibeba, na huyo kijana asikanyage hapa tena."

Kitinda alimgombeza mama yake siku tatu. Gari ni chuma tu, alimwambia, linaharibika kama kitu kingine chochote. Kimya hana kosa.

Nami niliinamisha kichwa, kama nilivyoinamisha kwa miaka saba.

Kulikuwa na njia rahisi. Niiweke rota mpya, gari liwake, mama atoe neno lake, na mimi nioe. Usiku wote wa jana nilikuwa nimeamua hivyo. Nililala usingizi mzuri, jambo ambalo linaniaibisha hadi leo.

Kitinda alichukua kitambaa, akaingia ndani ya gari kupangusa kioo cha mbele. Alipangusa juu, akapangusa pembeni, akashuka chini. Kisha nikaona mkono wake unazunguka sehemu moja upande wa dereva, unaipita mbali, unaendelea. Nilisogea. Juu ya vumbi la ndani ya kioo kulikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, virefu, vimetanuka. Rubani alikuwa na tabia hiyo, kuegemeza mkono kwenye kioo akiwa anasubiri injini ipate moto.

Alimaliza kupangusa kioo kizima. Kiganja akakiacha.

"Sasa," alisema akitoka, "leo kifuniko cha distributa nafungua mimi. Siku tano unanizuia kama kuna nyoka ndani."

"Subiri kwanza."

"Hilo ni neno la ngapi?"

"Kitinda. Subiri."

Pengine ni sauti yangu. Alisimama. Nilitoa kiboksi nikakiweka juu ya boneti. Kisha nikatoa leso, nikaifungua, nikaiweka ile rota kuukuu pembeni yake.

Aliangalia moja, akaangalia nyingine. Ni mwalimu wa hesabu. Niliona akili yake ikipanga.

"Hii mpya ni ya nini?"

"Ya kuweka humo. Ndani hamna kitu."

"Na hii?"

"Ndiyo iliyokuwemo."

"Umeitoa lini?"

"Ijumaa ile. Siku moja kabla Rubani hajaanguka na pikipiki."

Nje, mtu alikuwa anagonga bati kwenye nyumba ya jirani. Kitinda aliichukua ile kuukuu, akairudisha juu ya leso.

"Nieleze. Polepole. Kama unamweleza mtoto."

Nikamweleza. Ijumaa ile nilikuwa nimefungua breki, raba zake zimekwisha, na mpya zingefika Jumatatu. Gari lilikuwa halina breki hata moja. Na nilimjua kaka yake. Alijua kuendesha, hakujua kufungua, na hakuwa mtu wa kusubiri. Angeliendesha kwa breki ya mkono. Gerejini kwetu tuna desturi: gari lenye breki wazi haliachwi na rota. Unaitoa, unaitia mfukoni, kisha unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, ili mwenye gari akiingia ajue kwamba fundi amelizuia makusudi, asihangaike nalo.

"Kwa hiyo gari halikuwa bovu," alisema.

"Halikuwa."

"Miaka saba Mama anakuita fundi wa kubahatisha. Mimi napigana naye mezani. Na wewe unakaa."

"Ndiyo."

"Kitambaa kilikuwa wapi?"

"Mfuko huu wa kushoto."

"Kwa nini hukukifunga?"

Niliikunja leso, nikaikunjua.

"Kimya, leo usiniletee jina lako. Sema."

"Uliniita."

Alinitazama bila kupepesa. Kisha nikaona anakumbuka, na ningetoa chochote nisilione jambo hilo likipita usoni mwake. Ijumaa ile alikuwa amesimama mlango wa jikoni na vikombe viwili. Miezi yote niliyofanya kazi hapo chai yangu ililetwa bandani, kama ya fundi yeyote. Siku hiyo alisema, "Fundi, leo unakunywa hapa, kwenye kiti, kama binadamu." Nilitoka bandani bila hata kufuta mikono.

"Chai ile haikuwa na sukari," alisema taratibu. "Nilikumbuka ulipokwisha kuondoka. Nikacheka peke yangu."

"Sikujua. Niliinywa yote."

"Usicheke."

"Sicheki."

"Usinipe mzigo huu, Kimya."

"Sikupi. Ni wangu. Wewe uliita mtu kunywa chai. Mimi ndiye niliyeacha kazi nusu."

"Ulitaka kunioa hii ikiwa mfukoni mwako?" Sauti yake ilikatika. "Ningeosha nguo zako, ningeikuta, ningekuuliza ni nini, nawe ungesema nini? Kipande cha gari tu?"

"Jana nilikuwa nimeamua kuweka hii mpya na kunyamaza. Sitakudanganya."

"Kisha?"

"Kisha umepangusa kioo, ukakiruka kiganja."

Alifunika mdomo kwa mkono wenye grisi. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, akagonga ndoo, akatoka. Nilisikia mlango wa jikoni ukifungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikaa chini pembeni ya gurudumu. Sikukusanya spana zangu, wala sikuondoka. Sijui nilisubiri nini. Taa ile ya kushoto ilikuwa imeinuka nusu, inanitazama.

Saa tisa na nusu Mjomba alifika na kiti chake cha kukunja, akakifungua mlangoni mwa banda kama anayekuja kutazama mpira. Ni kaka mkubwa wa mama yake Kitinda, mtu wa tumbo na utani.

"Fundi! Unasali au unarekebisha?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimemwambia dada yangu, huyu kijana akiliwasha hili nitalipanda mpaka mjini na tumbo hili hili. Akaniambia tumbo litabaki nje." Alicheka, kisha akaniangalia vizuri na kicheko kikapungua. "Kuna nini? Limekataa?"

"Sijajaribu."

"Basi jaribu, mwanangu. Dada yangu anaomba lisiwake, na anaomba liwake. Nimechoka kumsikiliza."

Kabla sijajibu, Kitinda alitokea nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso alikuwa ameuosha; doa la grisi halikuwepo tena. Mkononi alikuwa na ukanda wa kitambaa chekundu. Niliutambua. Ni ile skafu yake ya siku za mvua, ameichana. Alinipita bila kunigusa, akainama ndani ya gari, akaufunga ukanda ule kwenye usukani, fundo la mara mbili.

"Hayo ni mapambo ya harusi?" Mjomba aliuliza.

"Hapana, Mjomba. Maana yake gari bado halijakamilika, mtu asiliwashe." Aligeuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu atoke. "Na halitakamilika mpaka Mama ajue. Mwambie wewe. Mimi nitasimama hapa, lakini sitakusaidia neno hata moja."

Saa kumi kamili Mama alitoka. Alikuwa amevaa vizuri, kama anayekwenda kumwona daktari. Alikuwa hajaingia bandani kwa miaka saba. Alisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitika. "Washa."

"Mama, kuna jambo kabla ya hapo."

"Nimesema washa. Au limekushinda tena?"

"Halikunishinda, Mama. Nililizuia."

Nikamwambia yote, nimesimama, rota ikiwa kwenye kiganja changu. Breki, raba, Jumatatu, kitambaa. Nilimwambia kwamba nilisahau kukifunga, na kwamba Rubani angekiona angejua mapema na kutafuta gari jingine. Chai sikuitaja. Kitinda aliyekuwa nyuma ya mama yake alifumbua mdomo, nikatikisa kichwa, lakini hakunitii.

"Alisahau kwa sababu nilimwita mimi, Mama. Kunywa chai."

Nilitegemea kofi. Mjomba alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, mikono tayari, sijui anishike mimi au dada yake. Lakini Mama aliingia ndani ya banda. Alitembea polepole akishika ubavu wa gari, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, mpaka akafika mlango wa dereva. Akaona jaketi. Akaona kiganja.

"Robo saa," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Robo saa nzima alihangaika nalo. Nye-nye-nye-nye. Naisikia mpaka leo. Kila alfajiri naisikia. Kaka yangu huyu ananiambia ni pampu ya maji ya jirani."

"Ni pampu, dada," Mjomba alisema kwa sauti ndogo.

"Dada yetu alikuwa anasubiri kuchukuliwa kituoni, mvua inanyesha. Nikatoka na hasira zangu. Nikamwambia, achana na huo mkebe, kaazime pikipiki. Akaniambia, 'Mama, mvua.'" Midomo ilikuwa inatafuta neno linalofuata na hailitaki. "Nikamwambia, mvua haiui mtu."

Mjomba alisogea, akasimama karibu na dada yake.

"Hujawahi kutuambia," Kitinda alisema.

"Ningewaambia nini?" Aligeuka kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kuniangalia usoni. Macho yake ni yale yale ya binti yake, ila yamechoka zaidi. "Nilihitaji mtu wa kumwita mbaya. Ulikuwa karibu, na hukubisha. Nikafikiri, ana nini huyu, mbona habishi?"

"Nisamehe, Mama."

"Sijui kama msamaha ninao." Alinyoosha kiganja. "Lete."

Nikampa zote mbili. Mpya aliirudisha hapo hapo, bila kuitazama. Kuukuu aliigeuza geuza, akapitisha kidole juu ya ulimi wa shaba.

"Breki sasa?"

"Ni nzima, Mama. Nimezijaribu mara kumi."

"Weka hii."

Nilifungua kifuniko cha distributa. Vidole vyangu, ambavyo vimefanya kazi hiyo mara mia, viliiangusha rota mara moja kwenye fremu, nikaiokota. Iliingia mahali pake na kukaa. Nyuma yangu nikamsikia Mama akihangaika na fundo la kitambaa kwenye usukani. Kitinda alitaka kumsaidia, akamzuia. Alilifungua mwenyewe.

"Ingia," alimwambia binti yake.

Kitinda aliingia. Alinyoosha mguu, haukufika kwenye klachi. Akajisogeza mpaka ncha ya kiti kama Jumatano. Akamtazama mama yake.

"Kivute tu," Mama alisema. "Ni chako."

Kiti kilikuwa kimeshika kutu. Kilikwama, kisha kikaja mbele kwa mlio mrefu, na Mama akafumba macho mpaka mlio ulipokwisha.

Kitinda akageuza ufunguo. Nye-nye-nye-nye. Mama alimshika kaka yake mkono. Nye-nye-nye. Ikakata. Nilisikia petroli ikipanda, nikainua kidole: mara moja tena. Nye-nye, nye, na injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Banda zima lilijaa mngurumo. Bati la mlango lilitetemeka, na Mjomba akapiga yowe moja la furaha kisha akajiziba mdomo. Kitinda akabonyeza swichi ya taa. Ya kushoto ikainuka. Ya kulia ikasita, ikatikisika, ikafunguka.

Mama alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya kioo, kwa nje, pale pale palipokuwa na kiganja cha mwanawe kwa ndani. Kioo kilikuwa kinatetemeka. Alikaa hivyo mpaka injini ikapata moto na kutulia, na sauti yake ikawa laini.

Kisha akauondoa mkono. Kile kitambaa chekundu alikizungusha kwenye vidole vyake, akakifunga vizuri.

"Hiki nakaa nacho," aliniambia. "Usije kukiulizia. Siku nitakayokuletea mwenyewe gerejini, ndiyo siku utawaambia wazee wako waje."

"Sawa, Mama."

"Inaweza kuwa mbali."

"Nitakuwepo."

Alitoka. Mjomba alikunja kiti chake, akamfuata, na pale mlangoni akanigusa bega bila utani wowote.

Kitinda alizima gari. Alikaa na mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele kupitia kiganja kile.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Wala mimi mwenyewe sijajisamehe. Sijui nianze na nani."

Nilisimama pembeni ya mlango. Mara hii hakuniomba niseme. Alifungua mlango, akashuka, akavua ovaroli la kaka yake, akalikunja na kuliweka juu ya jaketi. Alipofika kwenye kizingiti alisimama, kichwa kimegeuka kidogo upande wangu.

"Osha mikono kwanza," alisema. "Leo nimeweka sukari."